Rangi ya Kutu

Mtoto wa kwanza alipofariki pale Isela, hakuna aliyetoa taarifa. Alipofariki wa pili, mwenye duka la dawa alipiga simu mkoani kisirisiri, na asubuhi iliyofuata droni ya wizara ikamshusha Nakijwa Mchome kwenye tuta lililo katikati ya mabwawa. Alikuwa na boksi la chanjo, hema la kutengea wagonjwa, na muuguzi mmoja wa kumsaidia, jina lake Perpetua.

Isela ilikuwa nchi ya pamba enzi za mabibi, kabla mvua hazijakata. Sasa ilikuwa nchi ya mabwawa marefu yaliyofunikwa kwa nailoni angavu, na chini ya nailoni ulikua mwani wa kijani uliolisha nusu ya mkoa. Watu wake walikuwa na mikono ya kijani hadi viwiko. Walimsalimia Nakijwa vizuri, wakampokea mizigo, lakini kila aliyempa mkono alimtazama kifuani kwanza.

Pale kifuani ndipo kilipokaa kioo. Kilikuwa kidude cha duara, ukubwa wa kizibo cha soda, na kila mtumishi wa afya alilazimika kukivaa akiwa kazini. Kilisoma mapigo ya moyo, jasho la ngozi, pumzi, na vile vijimisuli vya usoni ambavyo mtu mwenyewe havimtii, kisha kikatoa rangi moja. Buluu ilikuwa heshima. Njano ilikuwa hofu. Rangi ya kutu wataalamu walikuwa wameipa jina refu, ila wananchi waliiita dharau, na hawakukosea. Sheria ya vioo ilipitishwa baada ya kampeni kubwa za afya kuanguka moja baada ya nyingine, ingawa dawa zilikuwepo na mabango yalipendeza. Watafiti walizunguka wakakuta kwamba dawa ileile na maneno yaleyale yalipokelewa yakitoka kwa mtu anayewaheshimu wasikilizaji wake, na yakakataliwa yakitoka kwa mtu anayewaona wajinga, hata kama alitabasamu. Basi serikali ikaamua tabasamu lisitoshe.

Kazi ya Nakijwa ilikuwa uhamasishaji. Hakuchoma sindano. Alizungumza na watu mpaka wakubali. Aliianza kazi hiyo akiwa binti mwenye bidii, na kwa miaka mingi alikuwa amesimama mbele ya watu akieleza kitu kilekile na kujibiwa vitu vilevile, na mahali fulani njiani alianza kuwaona kama watoto wakaidi. Haikuwa chuki, ilikuwa uchovu uliogeuka. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini kioo hakikuhitaji kuambiwa. Mijini alijifunza kukidhibiti kwa kupumua taratibu na kutazama juu ya vichwa vya watu. Isela hakukuwa na umati wa kutazama juu yake.

Walikusanyika kwenye banda la kukaushia mwani, wanawake wengi na wanaume wachache. Aliwaeleza juu ya ugonjwa ambao wenyewe waliuita kifungakoo. Mtoto huanza na homa ndogo, sauti ikakwaruza, halafu koo likavimba kwa ndani mpaka hewa ikakosa njia. Matone ya chanjo puani leo, na mengine baada ya wiki, yangewakinga waliokuwa wazima. Waliokwisha kuugua walihitaji mashine ya hewa, na mashine ilikuwa ndani ya hema. Alisema yote hayo kwa ufasaha. Ndipo mama mmoja akauliza kama si kweli kwamba kifungakoo kililetwa na matone ya mwaka jana, yale ya surua.

Nakijwa alikuwa amelisikia swali hilo katika kila kata aliyowahi kukanyaga. Alilijibu kwa upole, kwa mfano wa mwavuli na mvua, lakini kabla hajamaliza aliona macho yote yameshuka kifuani pake, na hakuhitaji kuinama kujua ni rangi gani. Wanawake wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, bila kelele, kama watu wanaotoka msibani. Aliyebaki ni Nkwimba peke yake, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini.

"Maneno yako tumeyasikia, daktari," alisema. Isela kila aliyeshuka na boksi la dawa aliitwa daktari. "Ila hatunywi maji kwa mtu anayetuona mbuzi."

* * *

Mchana Nakijwa alipita nyumba kwa nyumba. Walimkaribisha viti, wakamwambia watoto wamekwenda kwa bibi zao. Katika nyumba ya mwisho mlango haukufunguliwa. Alibisha, akaita hodi, kisha akasikia ndani mtoto akilia kwa sauti ya msumeno unaokata bati, na mkono wa mtu ukiziba kilio hicho. Alisema kupitia mlangoni kwamba kuna mashine, kwamba bado kuna muda. Alisimama pale akiwa na hasira, na kioo kikawaka kutu mpaka mwanga wake ukaonekana juu ya ubao wa mlango.

Aliporudi hemani alimpigia Daktari Rwegoshora, mkuu wake wa mkoa, akamwomba atume mtu mwingine mahali pake. Rwegoshora alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwenye huruma, aliyewahi kuzika watoto wengi kuliko alivyopenda kusema. Alimjibu kwamba hakuna mtu mwingine, kata nne zilikuwa zinaugua kwa wakati mmoja. Kisha akamwelekeza afungue sehemu ya chini ya boksi la chanjo, chini ya barafu. Kulikuwa na vidonge vyeupe kwenye karatasi isiyo na maandishi.

Waliokitengeneza kidonge hicho walikiita tulizo. Kililegeza ile sehemu ya ubongo inayopima nani anastahili na nani hastahili, na kwa nusu siku mtu akawaona wote kana kwamba wamelelewa naye nyumba moja. Kioo hakikudanganywa, maana hisia zilikuwepo kweli, moyo ulidunda kweli. Kasoro yake ni kwamba hazikuwa zako. Hakikuwa halali wala hakikuwa haramu. Sheria ilikuwa haijakifikia.

Nakijwa alisema huo ni ulaghai. Watu waliwekewa kioo ili waujue moyo wa anayewatibu, na sasa moyo wenyewe unatengenezwa kiwandani.

"Chanjo si ya uongo," Rwegoshora alisema. "Ugonjwa si wa uongo. Kitu pekee kibovu hapo ni dharau yako, na mimi nakupa dawa yake. Utamwacha mtoto afe ili wewe ubaki mkweli?"

Jioni ile aliambiwa kwamba ile nyumba ya mwisho bado haikufunguliwa, na kwamba kuna sauti nyingine ya msumeno upande wa pili wa mabwawa. Asubuhi, kabla hajanywa chai, alimeza kidonge.

* * *

Alikuwa ametarajia kulewa. Badala yake alihisi kama mtu aliyeweka chini ndoo aliyoibeba muda mrefu mpaka akasahau kwamba ameibeba. Alitoka hemani akamwona mzee akifua nailoni ya bwawa, akasimama kumsaidia kuikung'uta, na wakazungumza juu ya mgongo wake unaouma. Aliona jinsi wanawake walivyopokezana watoto ili kila mmoja apate kuvuna. Yule mama aliyeuliza juu ya surua Nakijwa alimkuta akichuja mwani, akamwomba amweleze tena anachohofia, na safari hii alisikia kilichokuwa ndani ya swali. Mtoto wake alipata matone ya surua, akapata homa usiku ule, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Kioo kilikuwa buluu, safi kama anga baada ya vumbi kutulia. Habari zilitembea haraka kuliko yeye. Jua lilipokuwa juu kidogo ya mabanda, foleni ilikuwa imejipanga mbele ya meza, na Perpetua alikuwa akidondosha matone puani mwa watoto wanaopiga chafya na kucheka. Kwenye kifaa chake cha sikioni Nakijwa alimsikia Rwegoshora, aliyekuwa akifuatilia kwa mbali, akishusha pumzi.

Nkwimba alikuja na binti yake Kashinje mgongoni. Wakati wakingoja zamu yao alisogea kando ya Nakijwa akazungumza naye kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka kuweka jambo sawa kabla ya kupokea kitu. Alimweleza kwa nini walikuwa wagumu. Mwaka uliopita, wakati wa surua, alikuja kijana mmoja mwenye kioo cha buluu ambayo hawajawahi kuiona. Alikaa nao, akala nao, akambeba mtoto mchanga wa jirani siku nzima hata mama yake akampa mtoto jina la kijana huyo. Wiki mbili baadaye kijana alirudi kwa duru ya pili. Yule mama alimkimbilia na mtoto mkononi, akamwambia, mtazame wajina wako. Kijana alimtazama kama mtu anavyotazama nguzo, akamwambia apange foleni.

"Tukaapa kutoamini buluu tena," Nkwimba alisema. "Lakini wewe jana ulikuwa kutu, tukakuona wote. Leo umegeuka. Nikawaambia wenzangu, huyu amelala akatufikiria. Mtu anayeweza kugeuka hivyo, huyo ni mtu."

Nakijwa alielewa yote mara moja. Kijana alikuwa wa ofisi yake, kidonge kilikuwa kilekile, na Rwegoshora alimtuma mahali ambapo ulaghai huo ulikwisha kuvunja imani ya watu mara moja bila kumwambia. Baada ya wiki angesimama hapa tena na matone ya pili. Ama ameze kidonge kingine, na kingine tena kila Isela itakapougua, ama awatazame watu kama nguzo.

Laiti angelisikia jambo hilo jana, angenyamaza bila shida, maana jana alikuwa anashughulika na watoto wakaidi, na mtoto mkaidi hudanganywa kwa faida yake. Leo alikuwa amesimama na dada yake. Hakuweza kumtazama usoni na kunyamaza. Kidonge chenyewe ndicho kilichomzuia.

Sikioni Rwegoshora alikuwa amesikia kila neno. "Nakijwa, usithubutu," alisema. "Bado nusu ya foleni. Atakayeondoka leo na mtoto wake, ujue umemwondoa wewe."

Alijua kwamba ni kweli. Alijua hata nani angeondoka kwanza. Nyuma ya Nkwimba alisimama Mhoja, mwanamume mkimya aliyekuwa ametoka ng'ambo ya mabwawa na binti yake Limi begani na mwanawe Jilala akishika shati lake. Alikuwa amekuja kwa shingo upande, na macho yake hayakutulia.

Nakijwa alitoa kifaa sikioni akakiweka mezani.

Aliwaambia. Hakupamba. Aliwaambia kuna kidonge, kwamba amekimeza asubuhi, kwamba buluu hii itaisha mchana na ile kutu itarudi, kwa sababu kutu ndiyo yake. Aliwaambia kijana wa mwaka jana naye alikimeza. Kisha akasema chanjo ni ya kweli, na waliopata matone wako salama zaidi kuliko jana, na kwamba anawaomba wasitoke kwenye foleni.

Yule mama wa surua aliketi chini pale pale alipokuwa. Mhoja alimtazama Nakijwa mara moja tu, akampandisha Limi vizuri begani, akamshika Jilala mkono, akaondoka. Wengine wakamfuata. Nakijwa alimkimbilia Mhoja mpaka kwenye tuta, akamsihi kwa jina la watoto wake, naye hakugeuka.

* * *

Aliporudi alikuta Nkwimba bado amesimama mahali pale, Kashinje mgongoni, hajapewa matone. Alimuuliza kidonge kitamtoka saa ngapi. Nakijwa akamwambia jua likianza kupinda.

"Basi kaa hapa. Usiingie hemani. Tunataka kukuona kinapokutoka."

Wakaketi bandani, yeye na wanawake waliobaki, kama watu wanaolinda mgonjwa. Alihisi kikimtoka kidogo kidogo. Kwanza jasho la watu likaanza kumkera. Kisha sauti zao. Kisha ile ndoo ikarudi kichwani, nzito kama zamani. Kioo kilipauka, kikawa njano kwa muda, halafu kutu ikaingia kutoka kingoni kama chai kwenye maji. Wanawake walikitazama kikibadilika.

Nkwimba akamtaka aseme sasa anawaonaje. Kwa kuwa hakubaki na kitu cha kuficha, Nakijwa alisema.

"Nawaona wajinga. Mna mtoto anayekata roho ndani ya nyumba, na mashine iko hatua chache, na mnamziba mdomo. Sijui mtu wa namna gani anafanya hivyo."

Mtu akaguna. Nkwimba hakuinua sauti. "Haya. Sasa tunaweza kuzungumza. Wewe unajua wangapi walitoka hema lenu la mwaka jana, lile la surua?"

Nakijwa alijua. Wengi walitoka wazima. Nkwimba akamwambia kwamba hilo alilijua yeye, wao hawakulijua, maana hema lilikuwa jeusi na mama hakuruhusiwa hata kusimama mlangoni. Mtoto aliingia akilia, na wa kwanza kutoka alitoka amefungwa kwenye plastiki, akazikwa bila mama yake kumwona uso. Wazima walitoka baadaye, wakati hofu ilikwisha kukaa. Aliyeziba mdomo wa mtoto jana hakutaka afe. Alitaka, kama atakufa, afie mikononi mwake.

Nakijwa alisema masharti ya kutenga yana sababu, na hapo wakagombana kweli. Walikatizana maneno. Alisema pumzi ya mgonjwa mmoja inaua nyumba nzima. Yule mama wa surua alimuuliza kama ugonjwa huingia kwa kutazama tu. Masharti hayo Nakijwa alikuwa ameyatetea mwenyewe katika vikao, mara nyingi, akiwa na hakika. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza mama hukaa wapi.

Alinyanyuka akatoka nje. Walidhani amekasirika, na ni kweli alikuwa amekasirika. Alikwenda kwenye hema, akachukua kisu, akakata upande wake mmoja kutoka juu hadi chini, huku Perpetua akimuuliza kama amechanganyikiwa. Kisha akaomba nailoni ya bwawa. Walimletea vipande viwili, wakasaidiana kuvibandika kwa gundi ya mabomba, tabaka mbili, hewa isipite. Walipomaliza, mtu aliyesimama nje aliona kitanda, mashine na mto.

Kioo kilikuwa bado na kutu. Labda ilikuwa imechujuka, labda sivyo. Hakuna aliyekuwa akikishughulikia sana. Nkwimba alimshusha Kashinje mgongoni akamkalisha mezani, akasema apewe. Kabla jua halijazama, mlango wa nyumba ya mwisho ulifunguliwa, na yule mama akatoka mbio na mtoto mwenye sauti ya msumeno. Alisimama nje ya nailoni, viganja vimegandamana nayo, mpaka kifua cha mwanawe kilipoanza kupanda na kushuka sawasawa.

* * *

Waliorudi hawakuwa wote. Rwegoshora alipompigia siku zilizofuata hakumfokea. Alimwambia kamati itamwita, kwamba yeye mwenyewe pia ataitwa kwa ajili ya vidonge, na kwamba haoni kama alikosea. Aliuliza habari za ng'ambo ya mabwawa. Nakijwa alikuwa amekwenda huko kila siku, na kila siku Mhoja alimwambia kutoka dirishani kwamba watoto ni wazima.

Alikuja mwenyewe siku ya tano, akikimbia, Limi mikononi, midomo ya mtoto imeshaanza kuwa ya buluu. Perpetua alimweka kwenye mashine. Mhoja alisimama nje ya nailoni akamwona binti yake tangu mwanzo mpaka mwisho, akauona uso wake. Wakamzika kesho yake asubuhi, na Nakijwa alisimama nyuma ya watu wote.

Siku ya matone ya pili, foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Nakijwa hakuwa amemeza kitu. Alisimama mezani na rangi yake ilivyokuwa, ikibadilika mara hii mara ile, na watu wakapita mbele yake, wengine wakibishana naye, mmoja akimtania juu ya mwavuli wake na mvua. Alikuwa akimjibu huyo wa mwavuli alipoona watu wamepisha.

Mhoja alikuwa amesimama mbele ya meza, Jilala mbele yake, mikono miwili juu ya mabega ya mwanawe. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimenyolewa kwa ajili ya matanga.

"Ungenyamaza siku ile, Limi angepata matone," alisema. "Nimelifikiria sana. Na ungenyamaza, leo nisingekuamini, nisingekuja. Nalo nimelifikiria."

Machozi yalikuwa yanamlenga Nakijwa na alikuwa anayazuia, kwa sababu aliona hana haki nayo.

Mhoja akamsukuma Jilala mbele kidogo.

"Huyu mpe. Ila usiniambie pole."

Nakijwa aliinamisha kichwa cha mtoto nyuma, taratibu, akadondosha tone pua moja, kisha la pili. Jilala akapiga chafya. Hakusema pole.